Macho ya Tarishi

Kwii! Ndivyo kilivyolia kiti cha tarishi wetu pale mkahawani, kila alipopata karata nzuri. Aliketi wima, akalamba kidole gumba kana kwamba anagawa barua, kisha macho yakaanza. Akipata saba ya turufu, karata ya pili kwa ukubwa, yalifunguka mviringo kama vikombe vya kahawa, nasi Wareno huita hivyo *arregalar*. Akipata ree ya turufu, inayoipiga hata saba, yalitaka kudondokea mezani, na hiyo ndiyo *esbugalhar*. Kijiji kizima kiliyasoma. Kwa hiyo hakuna aliyetaka kuwa mwenzake katika mashindano ya sikukuu ya parokia, ila mimi, mjane niliyekosa mwingine, na niliyelitamani mno lile paja la nguruwe la zawadi, lililokaushwa miaka miwili.

Fainali ikafika kwenye karata mbili za mwisho. Tarishi aliketi mbele yangu. Mwenye mkahawa akapita nyuma ya mgongo wangu, amebeba zawadi. Kwii! Macho yakatoka yote.

“Funga madirisha, tarishi, mvua itaingia!” Zeferino mwokaji, mpinzani wetu, akacheka. Kwa kuogopa ree, akaificha saba yake ya turufu na kutupa karata ya ovyo. Tarishi akaweka mbili ya turufu, ndogo kuliko zote, akazoa mzunguko. Alama hizo zikatutosha, tukashinda.

“Mwongo mkubwa wewe!” Zeferino akapiga meza. “Umejifunza lini?”

Watu wakamshangilia. Yeye akaniinamia sikioni.

“Dada Idalina,” akanong'ona, “karata hata sikuzitazama. Niliona paja.”