Maji Kwenye Silinda ya Tatu

Baba mkwe alinipigia simu kutoka Sirisia siku ya nne tangu aichukue pikapu yake kwenye gereji yangu ya Kitale. Hakunisalimu, na huyo ni mwalimu mstaafu ambaye angemjulia hali hata mwizi kabla ya kumpigia mayowe.

"Hii gari inakunywa maji na haikojoi," akasema. "Naweka asubuhi, ikifika jioni imeisha. Na chini ni kavu kabisa."

Maji yasipomwagika chini yanaingia ndani ya injini, na injini ile nilikuwa nimeifungua mimi, nikabadilisha gasketi ya hedi, kile kizibo cha chini ya kifuniko chake cha juu, na kuifunga kwa mikono hii hii.

Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati. Nilipokwenda kuposa Sirisia, wajomba wa mke wangu walinitazama kama mbegu ya mahindi iliyonunuliwa kando ya barabara. Mzee ndiye aliyewanyamazisha. Miaka sita ikapita bila yeye kunipa hata baiskeli nimtengenezee, halafu pikapu ikamchemkia akishuka na vitunguu kutoka Cheptais, naye akaivuta hadi kwangu. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kwenye gari lile, na ndilo lililokuwa likimlisha. Alipowaambia majirani, "Fundi wangu ni huyu mkwe," nilijiona mtoto wa boma lile kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo nilibeba spana nikaenda. Kwa desturi yao mkwe na mama mkwe hawakutani ovyo ovyo, na mimi nilikuwa nimelala chini ya gari katikati ya ua, miguu nje. Maskini mama wa watu alijifungia jikoni kutwa nzima kwa ajili yangu.

Niliwasha injini. Moshi mweupe ukatoka. Asubuhi ya baridi si ajabu, lakini injini ilipata moto na moshi ukazidi. Nikafungua nozeli zote nne za kupulizia dizeli, nikamwomba mzee azungushe ufunguo. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilipumua hewa kavu. Ya tatu ikanitemea maji usoni.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Ni maji, Baba."

"Si ulibadilisha hiyo gasketi?"

"Nilibadilisha."

"Sasa?"

"Wacha tufungue tuone, Baba."

Nilikuwa naomba Mungu iwe gasketi. Wengine huomba mvua. Nilipoinua hedi, gasketi ilikuwa nzima, alama zake zimekaa sawasawa pande zote. Pistoni tatu zilikuwa nyeusi kwa masizi. Ile ya silinda ya tatu iling'aa, imesafishwa na mvuke kama sufuria ya bibi harusi.

Nikabeba hedi hadi Kitale, kwa fundi wa mashine. Aliziba matundu yake, akaipiga presha ya hewa na kuizamisha kwenye maji ya moto. Tukainama kutafuta mapovu. Hakuna hata moja. Sijawahi kuhuzunishwa na kitu kizima namna ile.

"Hedi yako iko sawa, bana," akasema. "Angalia chini."

Chini ni bloku, na bloku ndiyo injini yenyewe. Nilirudi Sirisia nikiwa nimeshakata tamaa, ila mikono iliendelea kufanya kazi kwa mazoea. Nilipaka mafuta ya taa kwenye silinda ya tatu na pale juu inapokalia gasketi, nikapangusa mpaka pakakauka. Kisha nikaomba chaki. Mzee akachomoa kipande kwenye mfuko wa koti, bado alikuwa akitembea na chaki. Nikaisugua, tukangoja. Palipo na ufa, mafuta ya taa hurudi nje na kulowesha chaki.

Mstari ulijitokeza polepole, mwembamba kama unywele. Ulianzia kwenye tundu la bolti ukashuka hadi ndani ya silinda.

Nilielewa papo hapo, na ningetoa chochote nisielewe. Kitu cha mkwe hakirudishwi kichafu. Sijawahi kumwoshea mteja bloku namna ile, lakini ya mzee, siku ile ya kubadilisha gasketi kule Kitale, niliiosha kwa sabuni na maji ya jerikeni mpaka ikang'aa. Matundu ya bolti hayana pa kutokea, maji yakatuama humo. Kwa kawaida huyapuliza kwa hewa, ila siku ile stima ilikuwa imepotea, kompresa ya hewa imelala, na mzee alikuwa ameketi kwenye benchi langu na suti yake ya Jumapili, akinisubiri. Nikaona haya kumchelewesha. Nikakaza bolti, nikachomeka bomba kwenye spana nikaongeza nguvu. Maji hayabanwi, chuma ndicho kilichokubali kupasuka. Nilisikia tak, nikadhani bolti imekaa vizuri.

Mzee alivaa miwani, akainama. "Imeandika nini?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nalo, Mungu ananiona.

"Bloku imechoka, Baba. Ni umri. Ilipasuka siku ile ilichemka."

Akautazama mstari ule kama anayesahihisha daftari. "Basi si makosa yako," akasema. Halafu akaanza kunifariji, mimi! Ati kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ati nisikonde. Pikapu haikutoka tena pale uani, na mwezi uliofuata alianza kupeleka vitunguu sokoni kwa baiskeli, yeye na umri wake.

Lakini siku ile, kabla sijafunga sanduku la spana, kuku alikuwa ameshachinjwa. Tuliketi na shemeji zangu wawili mbele ya ugali. Firigisi ni ya mwenye boma, kila mtoto wa kule anajua, na ipo iliyowahi kuvunja undugu. Mzee aliichukua kwenye bakuli lake, akanyoosha mkono mbele ya wanawe wote wawili, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula," akasema. "Umehangaika sana na hii gari yangu."

Shemeji zangu walinitazama. Nikaila.