Kiingereza Nacho Kina Wakubwa Wake

Mwanangu, naikumbuka vizuri siku Salima aliporudi kutoka kwenye usaili Masasi. Alishuka kwenye gari vumbi limemjaa hadi kwenye kope, akapita kwao bila kuingia, akaja kwetu.

Salima na mimi tulichezwa unyago pamoja hapa Chilangala. Shule mimi niliachia darasa la nne, yeye akaendelea. Kisha wakaja vijana wa Kizungu kupima maji, maana sisi wa huku juu maji tulikuwa tunayafuata bondeni. Salima akawa anawapikia, na Kiingereza chao akakibeba chote: "hai" ya kusalimia, "yea" ya kuitikia, "gona" ya kusema nitafanya. Tukimtania, "Mzungu, njoo utwange!" anajibu, "Yea, nakuja!" Tunacheka mpaka basi.

Alitaka kitu kimoja tu, nafasi ya kusomea ukunga. Mama yake alifia njiani, amebebwa kwenye machela kwenda kujifungua. Ndiyo sababu.

Siku ile kwetu alikuwepo Bibi Esha, kungwi aliyetufunda sisi wawili, anamenya mihogo.

"Umepata?"

"Sikupata, Bibi."

"Uliwaamkiaje?"

"Nilisema 'hai'. Aliyenisaili alikuwa mama wa Kizungu, mtu mzima, mvi tupu. Kila akiniuliza namjibu 'yea'. Akaniuliza kama na wagonjwa nitaongea hivyo hivyo."

"Na adabu tuliyokufunda ndani uliiacha wapi?"

"Bibi, Kiingereza hakina shikamoo. Mtoto na babu yake wanaongea sawa tu."

"Nani kakwambia? Wale vijana? Wale rika lako, wamekupa maneno ya rika. Ulidhani kwao hakuna wakubwa?"

Salima alichukua kisu, akaanza kumenya naye.

Mwaka uliofuata aliomba tena, hakuitwa. Akaolewa, akalima korosho, akazeeka. Akisikia mwanamke kashikwa na uchungu hapa kijijini, alikuwa anachukua jembe anakwenda shamba asisikie, hata kama jua ni kali. Tumemzika masika haya.

Mimi Kiingereza sikijui, sikudanganyi. Ninyi mnakiokota kwenye simu na kwenye nyimbo, mnaandikiana vifupi vifupi. Ongeeni, ni cha rika lenu, sikikatazi. Ila usiishie hapo. Kila neno la mtaani unaloliokota, mwulize mwalimu: kwa mkubwa linasemwaje? Kwenye barua ya kazi linaandikwaje? Yajue yote mawili kabla hujabisha hodi kwa watu. Wao hawatakaa wakufunde; watakwambia ahsante, nenda, nawe utarudi hujui kosa lako.

Haya, nenda kasome. Mungu akulainishie ulimi, akufikishe pale moyo wako unapopataka, na asikunyime mtu wa kukukosoa mapema. Amina.