Lugha Aliyobaki Nayo Mama

Jumapili moja asubuhi, nyumbani kwetu Kizuka, nilimkuta mama sakafuni kando ya kitanda, mkono wake wa kulia umelegea. Tulimfikisha hospitali Rumonge nyuma ya gari lililokuwa likipeleka mawese sokoni. Siku nne hakutamka neno. Ya tano alinitazama, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Naomba maji."

Nilimpa maji, kisha nikakaa nikijiuliza kwa nini hakuomba kwa Kirundi. Kwetu, Kiswahili hakikuwa lugha ya ndani ya nyumba. Mama alizaliwa huku kando ya ziwa, akakimbia vita akiwa ameolewa miezi michache tu, akatuzaa sote kambini Tanzania. Kule ndiko alikojifunza Kiswahili, ukubwani, neno moja moja, kwenye foleni ya chakula na kwenye dirisha la zahanati. Sisi watoto tulikisoma shuleni. Lakini tukivuka kizingiti alitaka Kirundi, na aliyejisahau alirudishwa nje aingie tena na kusalimia upya.

Sasa Kirundi kilikuwa kimemponyoka. Nikimwambia kwa Kirundi ageuke, aligeuka. Kukisema ndiko kulikomshinda. Daktari, mtu mpole aliyechanganya Kifaransa na Kiswahili, alieleza kwamba kiharusi wakati mwingine huchukua lugha ya kwanza kikaacha ya pili. Nilimuuliza sababu. Akasema haijui, na waliomfundisha nao hawakuwa na hakika. Aliniomba niandike kila siku maneno anayoyasema mama, ili aone kama anaendelea vizuri.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na wakati huo nilikuwa tayari najiita mwandishi. Nilikuwa na hadithi kadhaa, zote zimejaa methali na maneno niliyoyachimbua kwenye kamusi. Wanafunzi wangu walinakili methali kwenye madaftari yao na hadithi wakaiacha palepale. Kuhusu kambi sikuwa nimeandika hata sentensi. Wala kuhusu kurudi kwetu, tulipokuta familia nyingine kwenye shamba la michikichi la marehemu baba, wakiishi katika nyumba yake. Walikuwa wamepewa na wakubwa wa serikali miaka mingi nyuma, na wao pia walikuwa wamezika watu wao pale. Shamba likagawanywa nusu kwa nusu, mstari wa minyaa ukapandwa katikati. Mama wa nyumba ile, mjane, tulisalimiana naye "amahoro" tukapitana. Ilikuwa hivyo kwa miaka minane. Niliyaona hayo kuwa mambo yetu tu. Fasihi niliidhani kitu kingine.

Basi nikawa naandika maneno ya mama kwa ajili ya daktari. Alipotaka chanuo alisema "jembe la kichwa." Mbu alimwita "yule anayeimba kabla ya kula." Neno likimkataa hakukasirika, alichukua lililokuwa karibu akalitumia. Baada ya wiki tatu niligundua kwamba nalisoma lile daftari jioni hata siku zisizo za kliniki. Mimi nilikuwa nahangaika na maneno ambayo hakuna anayeyajua, na mama yangu alikuwa anahangaika na yale yanayojulikana na kila mtu. Nilipofungua hadithi zangu za zamani niliona aibu, kisha hamu ya kujua: ningesema nini kama ningebaki na maneno machache kama yake?

Wakati huo tulikuwa tumeshamrudisha nyumbani. Asubuhi nilikuwa shuleni Rumonge, naye alibaki na binamu yangu aliyekuja kutusaidia. Siku moja nilirudi mchana, binamu ameenda kuchota maji, nikamkuta yule mjane, jirani yetu, amekaa uani petu, anamenya mihogo. Mama alikuwa ameegemea ukuta, anaongea. Jirani hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha kununulia samaki wa ndagala sokoni. Alikuwa akiitikia kwa kichwa tu.

Aliniuliza kwa Kirundi mama anasema nini. Nikasikiliza, nikaketi kando yao. Mama alikuwa anasimulia siku waliyokimbia. Mimi, mwanawe, sikuwahi kuisikia. Kila nilipouliza utotoni aliniambia nikasome.

"Maharage yalikuwa jikoni," mama alisema. "Hayajaiva. Nikaacha moto unawaka. Nilifikiri tutarudi jioni."

Nilimtafsiria jirani. Aliweka kisu chini. Nikadhani amechukia, maana jiko hilo lilikuwa la nyumba aliyokuja kuishi yeye baadaye. Kisha akaniambia taratibu, "Mwambie mafiga niliyakuta. Matatu. Mpaka leo napikia."

Nilipomwambia, mama alimgeukia yule mwanamke.

"Lile moja lina ufa," akasema.

Jirani alielewa kabla sijatafsiri, sijui kwa vipi. Akatikisa kichwa kukubali.

Tangu siku hiyo alikuja karibu kila asubuhi. Alijifunza kusema, "Mama, chai iko," na mama alicheka kila mara. Shamba liko vilevile nusu kwa nusu, na bado kuna mambo hatuyagusi.

Mimi nilikaa nikaandika yale niliyoyasikia uani, kwa sentensi fupi, bila methali hata moja. Niliwasomea wanafunzi. Hakuna aliyenakili kitu. Walikaa wakaniuliza maswali mpaka kipindi kikaisha, na msichana mmoja alinifuata mlangoni kuniambia kwamba bibi yake naye huwa hamalizi kusimulia.

Nilifurahi, na furaha hiyo ikanisumbua. Je, ugonjwa wa mama ndio ulionifanya mwandishi? Na kama ni hivyo, nina haki gani ya kuufurahia? Nimeligeuza swali hili mara nyingi. Jibu la karibu nililonalo ni hili: Kiswahili cha mama kilikuwa lugha ya kuombea kwa wageni, na mwenye kuomba hujifunza kusema kile tu anachokihitaji. Pengine ndicho nilichojifunza kwake. Pengine pia najifariji.

Mwishowe nilimuuliza yeye mwenyewe. Kirundi kilikuwa kimeanza kumrudia vipande vipande, hasa asubuhi, lakini siku hiyo tuliongea Kiswahili. Nilimwambia naandika habari zake, kambi, shamba, hata kuanguka kwake. Nikamwambia akikataa nitaacha.

Mkono wake mzima ulikuwa unasugua ule uliolegea.

"Andika," akasema. "Ukifika mahali hujui, niulize. Usijaze."

Sasa ndivyo ninavyofanya kazi. Mahali nisipojua ni pengi. Naenda na daftari langu, nakaa karibu yake, namuuliza njia waliyopita ilikuwa ipi, nani alimbeba nani, walikula nini. Siku nyingine ananijibu kwa lugha mbili kwa pamoja. Siku nyingine anasema hakumbuki, nami naacha mstari mtupu kwenye ukurasa na kuendelea na unaofuata.