Msichana wa Gunzi Aliyesema Ndiyo

Mvua ya kwanza ikigonga udongo mweusi wa mbuga, hutoka harufu ambayo sijaipata kwingine kokote: vumbi lililozimwa, mabua ya pamba yaliyooza, na samadi kidogo. Watu wa kwetu Bariadi huinusa wakafurahi, maana ni dalili ya kulima. Mimi nikiinusa hutafuta mahali pa kukaa. Nyumbani wananitania kwamba mama mtu mzima anaogopa mvua. Si mvua, jamani. Ni dada yangu Minza ninayemwona, amechuchumaa nyuma ya jiko, tope limemfika viwikoni, akiniuliza, "Kabula, huyu tumpe ila gani?"

Tulikaa kijijini, upande wa Kasoli, kwenye kaya ya pamba na ng'ombe wachache. Minza alikuwa mkubwa wangu kwa mbali, amefikia umri wa kuacha michezo ya watoto, lakini hakuwa ameiacha. Mvua ikikatika tulichota udongo tukafinyanga ng'ombe, tukawachomeka miiba kuwa pembe. Watu tuliwatengeneza kwa magunzi ya mahindi, tukawawekea vichwa vya udongo, na wazee tukawabandika pamba kuwa mvi. Tulikuwa na zizi, jiko, hata mbwa mmoja aliyefanana zaidi na kiazi kitamu.

Watoto wa jirani nao walicheza hivyo hivyo. Tofauti yetu ni kwamba kwetu mtu wa gunzi hakuingia kayani mpaka apewe ila, kasoro yake mwenyewe. Nadhani sheria hiyo ilianzia kwa mama, aliyezoea kutusimulia visa vya fisi tukichambua pamba. Siku moja nilimwomba atupe fisi mwema, maana nilichoka kumwona akipigwa kila jioni. Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

"Fisi asiye na tamaa ni mbwa wa madoadoa," akasema. "Atalala kivulini tu. Hadithi itatoka wapi?"

Minza hakucheka. Aliyachukua maneno yale akaenda nayo nyuma ya jiko. Nilipompa mtu wangu wa kwanza pua kubwa, aliikataa papo hapo. Pua kubwa si ila, alisema. Kasoro ya kweli ni kitu kinachomponza mtu. Tena haikutosha kumponza, ilibidi awepo pale kayani mtu wa kumsaidia. Kwa hiyo babu yetu wa gunzi alipotea njia kila alipotoka, na mjukuu akawa anamtangulia. Mkewe alikuwa na hasira za kuvunja vyungu, na babu alijifunza kununa kimyakimya mpaka ugali uive.

Kisha Minza akatengeneza msichana. Udongo ulimtelezea kabla haujakauka, kichwa kikakaa kimeinama, naye akakiacha vile vile.

"Huyu hawezi kusema hapana," akaniambia. "Akiinama akasema ndiyo, ujue ni hapana."

"Sasa tutamsaidiaje?"

"Unamuuliza tena, akiwa peke yake. Mbele ya watu hawezi."

Nilimpenda msichana yule kuliko wote. Nilimtuma kuni, maji, kuchunga, na kila mara Minza alimsemea kwa sauti nyembamba, "Ndiyo." Hapo nilimbeba mpaka nyuma ya kinu nikamuuliza tena, naye akajibu, "Hapana, miguu inaniuma." Nilicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mwaka uliofuata jua liliunguza pamba yote, na zizi letu likabaki na kinyesi kikavu. Ndipo siku moja, kabla ya jua kuzama, nikasikia sauti nzito za kiume zikitusalimu uani: "Mwadila!" Walikuwa wafugaji kutoka Bukundi, kule Meatu, watu wenye ng'ombe wengi na maneno machache. Shangazi alimvika Minza kitenge kipya, akampeleka kupiga magoti mbele yao.

Baba hakuwa mtu mbaya. Alifuata desturi kama alivyofundishwa. "Mwanangu," akasema, "hawa wageni wameleta ng'ombe. Tuwapokee?"

Minza akainamisha kichwa. "Ndiyo, baba."

Alimuuliza mara tatu, kama inavyotakiwa, na mara tatu akajibu vile vile. Shangazi akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikingoja mtu ambebe nyuma ya kinu. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, maana nilidhani wakubwa wote wanaijua sheria. Nilipoona wanaanza kula, nikamvuta mama kitenge.

"Mayu, muulizeni tena. Akiwa peke yake."

Mama alinitazama. "Ameshaulizwa," akasema taratibu. "Si umesikia mwenyewe?" Kisha akageuka kupakua, na mwiko ukamponyoka.

Minza aliondoka. Masika yaliyofuata yaliyeyusha kaya yetu ya udongo, ng'ombe, zizi, na yule mbwa wa kiazi. Magunzi yalibaki yamelala topeni bila vichwa, nami sikuweza tena kumjua msichana wangu alikuwa lipi. Tangu hapo mvua ikinyesha husikia sauti ile nyembamba nyuma ya jiko. Hata sasa, nyumbani kwangu, kwenye jiko la gesi, nimewahi kutoka nje kutazama.

Kijana wangu hucheza michezo ya simu ambamo unamuumba shujaa na kumchagulia udhaifu. Juzi alinionyesha wake: hapendi baridi. Nikamwambia hiyo ni pua kubwa. Hakunielewa, akarudi kwenye mchezo wake.

Kwa miaka mingi nilikutana na Minza misibani tu, katikati ya watu. Mvua zilizopita nilikwenda Bukundi. Nilimkuta na nyumba nzuri, watoto wenye adabu, mume anayesalimia vizuri. Mbele yao nilimuuliza kama amezoea huku. Akainamisha kichwa. "Ndiyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Zamani nilikuwa mdogo mno kujua kwamba msichana wa gunzi alikuwa yeye mwenyewe, na kwamba ile haikuwa kanuni ya mchezo. Alikuwa akinifundisha namna ya kumsaidia, mimi mtoto, kwa kuwa wakubwa hakuweza kuwafundisha. Nilisubiri mpaka tulipokwenda kuchota maji, sisi wawili tu, udongo mweusi ukitunasa miguu.

"Dada," nikasema, "ulitaka kuja huku?"

Alitua ndoo. Mvi zake zilikuwa nyeupe kama zile tulizobandika kwa pamba. Alinitazama usoni, kichwa kimenyooka.

"Hapana," akasema. Kisha, kwa ile sauti nyembamba ya nyuma ya kinu, akaniuliza, "Mbona mlikawia hivyo?"