Siku ya Kwanza Usipande Kokote

Katika kituo cha mabasi cha mji mmoja wa milimani kuna dirisha lililoandikwa HABARI KWA WAGENI. Nyuma ya kioo chake mwanamke mmoja alikaa miaka kumi na tisa. Madereva walimwita Mama Taratibu, maana hilo ndilo neno alilompokelea kila mgeni aliyeshuka basi akihema.

"Taratibu," alizoea kusema. "Leo usipande kokote, hewa ya huku juu ni nyepesi na mwili haujaizoea. Hata hotelini omba chumba cha chini. Kunywa maji, kula kidogo, pombe iache kwanza. Jua lisikudanganye, sweta iwe karibu. Teksi, patana bei kabla hujafunga mlango. Basi la mwisho la kushuka bondeni ni saa tisa, baada ya hapo ukungu unatanda na hakuna dereva mwenye akili timamu anayeziingia zile kona." Kisha alimtazama mgeni machoni. "Kichwa kikiuma, usinyamaze. Kikizidi, shuka."

Yeye mwenyewe hakuzaliwa milimani. Aliolewa huko akitokea nchi ya tambarare, ambako alimwacha dada yake, mpishi wa shule, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kila mwaka dada aliahidi kuja kumwona, na kila mwaka lilizuka hili au lile. Dada alipostaafu, akafunga safari.

Alishuka basi saa nne asubuhi, amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine. Siku hiyo madereva waliona jambo geni: Mama Taratibu akikimbia.

"Uliniambia kuna baridi," dada alisema, huku wamekumbatiana. "Basi nimevaa sanduku zima."

Mama Taratibu alimpa ushauri, lakini alimpa nusunusu, kama mtu anavyompa ndugu yake, katikati ya vicheko. Nyumba yake ilikuwa juu sana, ngazi mia na arobaini kutoka barabarani, kwa hiyo alikuwa amemwombea chumba kwa jirani wa chini, alale huko siku mbili mwili uzoee. Dada hakutaka hata kusikia.

"Nimekuja kwako. Kwa jirani nifuate nini?"

Wakapanda. Walipumzika mara mbili njiani.

Kesho yake dada alipanga upya sufuria zote jikoni, akapika, lakini sahani yake ikabaki imejaa vilevile.

"Mbona huli, dada?"

"Mpishi hali, mdogo wangu. Mpishi anaonja."

Mama Taratibu akacheka, akaosha ile sahani.

Siku ya tatu alikwenda kazini asubuhi, kwa kuwa mwenzake alikuwa likizo. Aliporudi saa sita mchana alimkuta dada kwenye kiti cha jikoni, mguu mmoja una kiatu, kiatu cha pili amekishika mkononi anakitazama kama kitu asichokijua. Alikuwa anakohoa, na midomo imepiga weusi.

"Dada, kichwa kinakuuma?"

"Kiliuma juzi," alijibu, ulimi mzito. "Sasa nadhani kimechoka chenyewe."

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliita majirani wakambeba dada kwa blanketi, ngazi baada ya ngazi. Dereva wa basi la saa tisa hakungoja saa tisa. Aliwaomba abiria wawili waliokuwa wameshakaa wamvumilie, akawasha gari. Siku hiyo ukungu uliwahi kutanda, ukawakuta nusu ya njia. Dereva alitoa kichwa dirishani ili aone ukingo wa barabara, wakawa wanakwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

"Tumefika?" dada aliuliza, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mdogo wake.

"Bado kidogo."

Hakuuliza tena. Dereva alipoona kimya kimezidi alisimamisha basi, akazima injini, akateremka akasimama nje peke yake.

Walimzika kwao, tambarare. Mama Taratibu alikwenda amejiandaa kulaumiwa, lakini hakuna aliyemlaumu. Siku ya tatu baada ya maziko, shemeji yake, mume wa marehemu, alimwita nyuma ya nyumba.

"Alinipigia simu jioni ile aliyofika," alisema. "Akaniambia kichwa kinampasuka. Nikamwambia, mwambie mdogo wako. Akasema, nikimwambia atanirudisha kesho alfajiri, na sijamwona miaka kumi na minne. Akaniomba nisikwambie."

"Namba yangu ulikuwa nayo, shemeji."

"Nilikuwa nayo."

Hasira zilimpanda. Alitaka kuondoka. Ndipo alipokumbuka ile sahani.

"Mtu kukosa hamu ya kula ni dalili," alisema baadaye. "Imo kwenye karatasi ninayowapa wageni. Niliiandika mimi mwenyewe. Na mimi nikacheka."

Walikaa pale mpaka wakaitwa ndani.

Mwezi uliofuata alirudi kazini. Ushauri wake ni uleule, ila siku hizi mgeni akisema amekuja kwa ndugu, Mama Taratibu huomba namba ya huyo ndugu, akampigia yeye mwenyewe. Wengine hukasirika.

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Najua," humjibu, simu ikiwa tayari sikioni.

Kila Jumapili shemeji humpigia. Huzungumzia mvua, na goti la shemeji linalomsumbua. Juzi shemeji alisema angependa kuja, akione chumba alicholala mkewe siku zile. Mama Taratibu alimwambia asubiri kwanza. Chumba kile, yeye mwenyewe hajakifungua tangu siku ile.