Nyota ya Orrin Kolar

Orrin Kolar alichora hila za mpira kwenye kila kitu. Alichora kwenye magunia ya mbegu, kwenye vumbi la mlango wa gari lake, kwenye karatasi za kufutia mikono pale mgahawani, hata kwenye bahasha ya rambirambi wiki aliyomzika mkewe Maxine. Viduara ni watu wetu, misalaba ni watu wao, mshale ni njia. Ukikaa naye meza moja ulijua kahawa yako itapoa, maana lazima angekuvuta mkono.

"Tazama. Huyu anajifanya kaanguka. Sasa wewe ungemfuata nani?"

Ungemfuata asiye na mpira. Sote tulimfuata asiye na mpira, naye alicheka kama mtoto.

Mshahara wake ulitoka kwenye ghala la nafaka la mji wetu, Pruett, alikopima unyevu wa mahindi. Kazi aliyoipenda haikumlipa kitu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msaidizi wa kocha wa shule yetu ya sekondari, shule ndogo kiasi kwamba tulicheza mpira wa Kimarekani kwa watu wanane, si kumi na mmoja kama miji yenye taa za barabarani. Makocha wakuu walikuja na kuondoka. Walimpenda, walimwachia apige mistari ya chokaa uwanjani, na hila zake waliziweka mfukoni bila kuzitumia.

Isipokuwa mara moja, mwaka 1979, tulipocheza na Saint Benno, mji ulio maili kumi na moja mashariki yetu. Siku hiyo, kabla mpira haujaguswa, kocha wao alipaza sauti: "Mwangalieni wa kushoto, anajifanya mgonjwa!" Wakamrukia watatu. Orrin alikuwa amemweleza mtu mmoja tu nje ya timu, refa Duane Stolz, kwa sababu ndiyo desturi. Kabla ya mechi refa humuuliza kocha kama ana hila yoyote siku hiyo, ili filimbi yenyewe isije ikadanganyika. Haikuandikwa popote. Ni adabu ya kazi. Lakini dada yake Duane aliolewa Saint Benno, na Orrin alijumlisha moja na moja.

"Kuanzia leo," alisema, "refa na adui ni mtu na shemeji yake."

Hakumsamehe. Miaka kumi na minne ilipita hivyo, wakisalimiana kanisani kwa vidole viwili.

Majira ya majani kupukutika ya mwaka 1993 ndiyo yaliyokuwa ya mwisho. Bodi ya shule ilikwisha kupiga kura: shule ya Pruett ifungwe mwezi Mei, watoto waende Saint Benno. Kocha mkuu alipata kazi kwingine mwezi Julai, na kwa kuwa hakuna anayegombea usukani wa gari linalotumbukia mtoni, timu wakampa Orrin. Vijana kumi na wanne. Alifungwa mechi saba mfululizo. Hakulalamika, kwa sababu alikuwa na kitu kimoja alichokitunza, nacho alikiita Nyota.

Mimi nilifundisha kemia, na siku za mechi nilikaa kwenye kibanda cha mbao juu ya viti, nikiendesha saa ya uwanja. Wiki ya mechi ya mwisho, tena na Saint Benno, alinijia darasani akachora nyuma ya karatasi ya mtihani.

"Watano wanageuka, wanakusanyika uso kwa uso, migongo nje. Sekunde moja tu. Halafu wanatawanyika kama nyota, kila mmoja kajikunja, kakumbatia tumbo lake. Mpira anao nani?"

"Cody," nilisema. Cody Brandt ndiye aliyekuwa mpiga pasi wetu.

"Anao Myron."

Nilicheka. Myron Fenske alikuwa kijana mnene, mpole, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kuushika mpira kwenye mechi.

"Cheka tu. Na wao watacheka. Myron hakimbii, anaondoka taratibu kama mtu anayeumwa na tumbo. Watakapogundua, keshafika nyumbani." Aliigusa karatasi kwa kidole. "Miaka yote hii, mwalimu. Nataka moja tu ifanye kazi. Moja tu, kabla hawajafunga milango."

"Umemwambia Duane? Ndiye refa Ijumaa."

Aliikunja karatasi mara nne. "Duane nitamwambia Jumamosi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema neno. Sikusema.

Tulicheza saa nane mchana kwa sababu uwanja wetu haukuwa na taa. Upepo ulitoka kaskazini na harufu ya mabua. Kina mama walipika sufuria kubwa za nyama ya kusaga na maharage yenye pilipili, na mikate ya mdalasini ya kuchovyea humo, wakasema watapika kama kawaida, wasije wakalia. Marefa walikutana nasi chumba cha tanuri la kupashia shule joto, chini ya ngazi. Mtunza saa naye huitwa, kwa hiyo nilikuwepo.

"Haya, Kocha," alisema Duane. "Kuna kiini macho chochote leo?"

"Duane, nimefungwa mechi saba. Kiini macho chetu ni kwamba tumefika."

Marefa wakaangua kicheko. Duane hakucheka sana. Alinitazama mimi, kana kwamba nina la kuongeza. Nikaitazama saa yangu ya mkononi.

Sijui vijana wale walipata wapi nguvu. Zilipobaki sekunde kumi na moja, Saint Benno walikuwa na ishirini na mbili, sisi kumi na nane. Nafasi yetu ya nne, ya mwisho, na yadi thelathini na moja kufika mstari wao, ambao kuuvuka na mpira ni pointi sita. Orrin alinyanyua mkono akafungua vidole vyote vitano.

Mpira ukatoka. Wakageuka, wakakusanyika, migongo mitano ya bluu. Kisha wakapasuka.

Niliijua hila ile, nilichorewa, na bado macho yangu yalimfuata Cody. Uwanja mzima ulimfuata Cody. Alikimbia kulia kajikunja, kakaza meno kama mwizi, na watatu wa Saint Benno wakambeba wakambwaga chini. Kushoto, Myron alikuwa akitembea. Alimpita mlinzi wao wa mwisho kwa hatua mbili, na yule mlinzi hata hakumtazama. Mbele yake nyasi tupu.

Filimbi ikalia.

Duane alikuwa amesimama kando ya Cody, mkono juu, filimbi mdomoni. Alikuwa amemwona mtu mwenye mpira akiangushwa, akafanya kazi yake. Ndipo Cody akajigeuza chali, akafungua mikono. Mitupu.

"Refa! Myron anao! Myron anao mpira!"

Myron hakusikia filimbi. Aliendelea, sasa akikimbia kwa ule mwendo wake wa bata, mpaka akavuka mstari, akauinua mpira kwa mikono miwili. Akasubiri wenzake waje kumrukia. Hakuja mtu. Alibaki pale peke yake, mikono juu, akitazama nyuma.

"Rudi, mnono, umekatika breki!" kijana mmoja wa Saint Benno alimpigia kelele, lakini sauti yake ilitetemeka; alijua walivyoponea chupuchupu.

Filimbi ikilia, mpira umekufa, hata kama imelia kwa makosa. Hilo halina rufaa. Wapewe tena nafasi ile ile, ndiyo haki pekee iliyobaki. Duane aliinua uso kuelekea kibandani, akanionyesha vidole kumi, kisha kimoja. Nikarudisha saa kwenye kumi na moja. Ni sekunde zile tu nilizoweza kumrudishia Orrin Kolar.

Cody alimkimbilia pembeni. Wenzake waliosimama jirani wameyakumbuka maneno yale hadi leo.

"Kocha, tupige ipi?"

Alikuwa na daftari mfukoni, hila zaidi ya mia mbili.

"Kocha! Haraka!"

"Sijui, mwanangu."

"Turudie Nyota?"

Ng'ambo ya pili kocha wao alishapaza sauti, "Mmoja abaki na mnene! Mmoja abaki na mnene!"

"Chagueni nyinyi," alisema Orrin, akakaa kwenye benchi.

Cody alirusha mbali, kwa mtu aliyezingirwa na wawili. Mpira ukagonga ardhi, ukadunda vibaya kama unavyodunda mpira ule, ukalala. Saa ikasoma sifuri. Sikuizima mpaka giza lilipoanza kuingia.

Nilipoteremka mara tu mechi ilipokwisha, Duane alikuwa amesimama mbele ya benchi, kofia mkononi.

"Kwa nini hukuniambia, Orrin? Ningeitoa filimbi mdomoni. Ningemwacha kijana hata alale chini dakika nzima."

"Nilikuambia mwaka sabini na tisa."

"Unafikiri ni mimi?" Duane alishusha pumzi. "Uliichora kwenye karatasi ya kufutia mikono, pale mgahawani, ukaiacha mezani na senti za bahashishi. Msichana aliyekuhudumia alikuwa mtu wa Saint Benno. Aliwapelekea kwao. Miaka yote nilidhani unajua, ila unaona haya."

Mkono wa Orrin ulipapasa mfuko wa shati, palipo na kalamu, ukakaa hapo. Duane akavaa kofia, akaenda.

Mwezi Mei walifunga milango. Mwaka uliofuata uwanja ulilimwa, na kwa kuwa miaka mingi ya chokaa iliubadili udongo, mahindi yaliota kwa rangi mbili, mistari ikionekana kutoka barabarani. Orrin aliendelea kupima unyevu ghalani. Pale mgahawani alikunywa kahawa yake ikiwa moto, mikono juu ya meza, akiongea habari za mvua.

Oktoba ya mwaka 1995 nilikuwa naye garini nje ya ghala, tukingoja lori, redio ikitangaza mechi ya Saint Benno. Myron alikuwa akiwachezea, mwaka wake wa mwisho. Mtangazaji akapandisha sauti: wamekusanyika, wametawanyika, mpira anao nani, anao nani, jamani, anao yule mnene! Bao. Filimbi ilikaa kimya hadi mwisho. Mtangazaji akaeleza kwamba marefa walikuwa wamearifiwa kabla ya mechi, na kwamba hii ni hila ya zamani ya Saint Benno.

Nilimtazama. Nilidhani atasema kitu, hata tusi.

"Alitembea," alisema Orrin. "Umesikia? Alianza kwa kutembea."

Akanyoosha mkono akazima redio. Lori likaja, akateremka kwenda kupima mahindi.