Motivation ya Amida

Amida binti Yuma nimemwona akiangalia chini mara moja tu, na nitafika hapo. Amezaliwa mtaani Naviundu, katika nyumba ya fundi cherehani mwenye asili ya Maniema, na tangu utotoni akitumwa chumvi alirudi na chumvi pamoja na maoni yake kuhusu mwenye duka. Wengine humwita mjeuri. Mimi, Désiré, fundi wa maabara ya chuo kikuu kule Kasapa, namwita mtu anayejua anachotaka. Mwaka huu alitaka kitu kimoja: nafasi katika maabara yetu.

Tunapima mboga za bustani za Kasungami, kuona kama lengalenga, yaani mchicha, tunazokula zimenyonya madini yenye sumu kutoka udongoni. Mradi ulitafuta mwanafunzi mmoja wa staji, yaani mafunzo ya kazini, tena staji ya kulipwa. Mjini kwetu mwanafunzi wa staji amezoea kumbebea mkubwa mkoba, kisha anarudi kwao kwa miguu. Kwa hiyo tangazo lile lilijaza ua wetu. Kwa Amida mambo yalikuwa wazi. Baba yake alishamwambia kwamba ada ya masomo imemshinda. Akikosa kazi hii, mwaka wa mwisho ungemkuta nyumbani akishona vifungo.

Kila mwombaji alitakiwa kuleta lettre de motivation, yaani barua ya kueleza kwa nini anaitaka kazi. Amida aliandika yake vizuri, akamsomea baba kwa majivuno. Lo, bora angenyamaza! Kwa Mzee Yuma, kama kwa wazazi wengi wa hapa, motivation ni kitu kingine kabisa: ni pesa au zawadi unayompa mwalimu ili afundishe kwa moyo. Mzee alichukua mkasi wake. Alikata kitambaa cheupe, akashona koti la maabara, akalitia kwenye sachet, mfuko wa plastiki, na siku ya mahojiano akaja nalo mwenyewe, mbele ya watu wote.

"Minaleta motivation ya mutoto wangu," alimwambia Madame Clotilde, mkuu wetu.

Nikajishika kichwa. Madame Clotilde ni mama wa Kikasai, mnene, mcheshi, lakini kwenye mambo ya zawadi hana mchezo: mwombaji akileta chochote, jina lake linafutwa. Alikuwa ametangaza hivyo asubuhi ileile.

Amida alisimama. "Papa! Unafanya nini?"

"Si balilomba lettre ya motivation? Lettre uliisha kuandika. Sasa motivation yenyewe iko wapi? Unataka baseme sisi hatuna adabu?"

Ua mzima ukacheka. Mimi pia, Mungu anisamehe. Amida hakucheka wala hakulia. Alimgeukia mkuu wetu, kidevu juu.

"Madame, motivation yangu iko mu barua. Ile ya papa iko mu sachet. Mukinifukuza, munifukuze juu ya barua yangu, hapana juu ya kitambaa."

Madame aliuchukua mfuko. Kisha akalitoa koti, akaingiza mkono. Mkono ukakwama kwenye kiwiko.

"Papa Yuma, hii koti, hii blouse, ulikata na mesure ya nani?"

"Weye, Madame, sikukuona bado. Nilipima mutoto."

"Basi haiko ya miye. Haiwezi kuwa zawadi, cadeau yangu." Akalikunja na kuliweka kwenye kiti. "Amida, ingia na barua yako. Na miye niko mukali, ujue."

Alikuwa mkali kweli. Nilikuwa ndani, nikamsikia akimbana msichana kuhusu udongo, maji na mizizi, zaidi kuliko alivyowabana wenzake wote. Amida alijibu kila swali, na pale asipojua alisema hajui, kwa sauti ileile. Mwishowe Madame alichukua koti kwenye kiti, akampa.

"Vaa. Lundi, Jumatatu asubuhi, uko hapa."

Mzee alikuwa bado uani. Alipomwona binti amevaa, akapiga makofi.

"Umeona? Motivation yangu ilifanya kazi!"

Amida alifungua mdomo, na mimi nikasubiri mvua ya maneno. Ndipo akaangalia chini, kwenye vifungo. Vyote vilishonwa kwa mkono, kwa uzi maradufu, na koti lilimkaa sawasawa mabegani.

"Ndiyo, papa," alisema. "Aksanti."